Christopher Strachey na Swali la Kitu Kisichobadilika

Utangulizi

Mwanafunzi wa semantiki hukutana mapema na swali la uhusiano uliopo baina ya jina na kile kinachotajwa kwa jina hilo. Ni swali kongwe. Wanafalsafa wamelijadili, wanaisimu wamelijadili, nasi tungali tunalijadili katika madarasa yetu kila tunapozungumzia maana. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyelichukua swali hilo akaliingiza mahali ambapo wengi wetu hatukutarajia kulikuta, yaani ndani ya tarakilishi. Mtu huyo ni Christopher Strachey, Mwingereza aliyeishi kati ya mwaka 1916 na 1975. Hakuwa mwanaisimu, wala hakuandika riwaya au tamthilia. Hata hivyo, kazi aliyoiacha inahusu lugha kwa kina kiasi kwamba si haki kuwaachia wanahisabati peke yao kuisimulia.

Maisha haya yanasimuliwa kwa kufuata fumbo moja. Katika baadhi ya lugha za programu zinazotumika leo, mwandishi wa programu anaweza kukitangaza kitu kuwa hakibadiliki. Baada ya tangazo hilo, sehemu yoyote ya programu itakayojaribu kukigeuza itakataliwa. Lakini lugha ileile inaruhusu kitu hicho kibomolewe wakati wake unapowadia. Je, kubomoa si kubadilisha? Na ikiwa ni kubadilisha, lugha hiyo haijikanushi? Tutaonyesha kwamba fumbo hili hufumbuka mtu anapotenganisha jina, mahali na thamani, na kwamba aliyeusisitiza utenganisho huo kuliko wengi wa zama zake ni Strachey.

Nasaba na malezi

Christopher alizaliwa tarehe 16 Novemba 1916 huko Hampstead, London, katika ukoo ulioyaishi maneno. Baba yake, Oliver Strachey, alikuwa mfumbuzi wa maandishi ya siri aliyeitumikia serikali ya Uingereza katika vita vyote viwili vya dunia. Mama yake, Ray, alikuwa mmoja wa waliopigania haki ya wanawake ya kupiga kura, na mwaka 1928 alichapisha kitabu cha historia ya harakati hizo kiitwacho The Cause. Kwa upande wa baba, alikuwa na baba wadogo wawili waliovuma. Lytton Strachey aliandika Eminent Victorians, kitabu cha mwaka 1918 kilichobadilisha namna Waingereza walivyoandika wasifu. James Strachey alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafsiri maandishi ya Sigmund Freud kutoka Kijerumani hadi Kiingereza. Kwa hiyo mtoto huyu alizungukwa na watu waliofumbua maneno, waliopima maisha ya watu kwa maneno, na waliohamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine.

Alisoma katika shule ya Gresham's, kisha mwaka 1935 akajiunga na Chuo cha King's, Cambridge. Hapo alifahamiana na Alan Turing, aliyekuwa mtafiti kijana katika chuo hichohicho. Ingekuwa vizuri kusema kwamba wawili hao walikaa wakapanga mustakabali wa tarakilishi, lakini haikuwa hivyo. Strachey hakung'ara masomoni. Katika mwaka wake wa tatu aliugua akili kwa uchovu na msongo, akalazimika kupumzika, na hatimaye akahitimu kwa daraja la wastani lisilomfungulia mlango wa utafiti. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wasifu wa wasomi mara nyingi huandikwa kana kwamba walizaliwa wakiwa na shahada mkononi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliajiriwa na kampuni ya Standard Telephones and Cables, alikofanya hesabu za mirija ya elektroni iliyohitajika katika rada. Hesabu hizo zilikuwa ngumu na ndefu, na zilimfikisha kwenye mtambo wa kukokotoa uliofanya kazi kwa magurudumu na vyuma vinavyozunguka. Hapo ndipo hamu ya mitambo ya hesabu ilipomwingia. Vita vilipokwisha, hakurudi chuoni. Akawa mwalimu wa shule: kwanza St Edmund's huko Canterbury mwaka 1945, kisha Harrow mwaka 1949. Kwa mtazamaji wa nje, njia yake ilikuwa imekwisha kuchorwa. Angekuwa mwalimu mzuri wa hisabati na fizikia, astaafu, asahaulike.

Drafti, wimbo na barua za mapenzi

Mwezi Januari 1951, akiwa na umri wa miaka 34, Strachey alipata nafasi ya kuzuru Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington na kuonyeshwa tarakilishi iliyoitwa Pilot ACE. Akarudi shuleni na wazo la kuifundisha mashine kucheza drafti. Aliandika programu hiyo wakati wa mapumziko ya kazi zake za ualimu. Mwezi Julai mwaka huohuo alipoijaribu, kumbukumbu ya mashine haikuitosha. Akasikia kwamba huko Manchester kulikuwa na tarakilishi mpya, Ferranti Mark 1, yenye kumbukumbu kubwa zaidi, na kwamba aliyeiandikia mwongozo ni Turing, yule aliyemfahamu King's. Akamwandikia.

Alipofika Manchester, Strachey alikuwa na programu ndefu kuliko zote zilizowahi kuandikiwa mashine ile. Alikesha nayo usiku kucha, na kulipopambazuka ilikuwa inafanya kazi. Ilipofikia mwisho, kipaza sauti cha mashine kilipiga wimbo wa taifa wa Uingereza. Mwalimu wa shule ambaye jana hakujulikana na mtu akawa gumzo la maabara. Mwishoni mwa mwaka 1951 shirika la utangazaji la BBC liliinasa mashine hiyo ikipiga nyimbo kadhaa. Sahani hiyo ya santuri ilihifadhiwa, ila mwendo wake haukuwa sahihi, na sauti zikasikika zimepotoka. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand waliirekebisha. Kufikia kiangazi cha 1952 programu ya drafti nayo iliweza kucheza mchezo mzima kwa mwendo wa kuridhisha.

Kwa msomaji wa fasihi, hata hivyo, kazi yake ya kukumbukwa zaidi ya mwaka 1952 ni programu iliyoandika barua za mapenzi. Strachey aliipa mashine violezo vichache vya sentensi pamoja na orodha za nomino, vivumishi, vitenzi na vielezi vinavyohusu mahaba. Mashine ilichagua maneno kwa bahati nasibu, ikayapanga katika violezo, na mwishoni ikatia sahihi ya herufi za jina lake yenyewe, yaani tarakilishi ya Chuo Kikuu cha Manchester. Barua zilizotoka zilikuwa za kuchekesha, zenye maneno matamu yaliyorundikana pasipo kiasi. Aliyasimulia haya katika jarida la Encounter mwaka 1954. Jambo lililomvutia halikuwa mapenzi ya mashine, kwa sababu mashine haikuwa nayo. Lililomvutia ni kwamba kanuni chache sana zilitosha kuzaa barua nyingi mno zisizofanana. Mwanafunzi wa sarufi zalishi hatashindwa kuona udugu uliopo hapa. Umbo lilibaki lilelile. Kilichobadilika ni maneno yaliyopita ndani yake. Tofauti hii ya kinachokaa na kinachopita ndiyo itakayomshughulisha Strachey hadi mwisho wa uhai wake.

Kutoka ualimu hadi ushauri

Mwezi Juni 1952 Strachey aliacha ualimu na kuajiriwa na Shirika la Taifa la Maendeleo ya Utafiti la Uingereza. Mwaka huohuo alikwenda Toronto, Kanada, alikoandika programu ya kukokotoa mtiririko wa maji kwa ajili ya mradi wa njia ya meli katika mto St Lawrence. Aliporudi alishiriki katika usanifu wa tarakilishi iitwayo Pegasus, iliyoanza kuwafikia wateja mwaka 1956. Mwaka 1959, katika mkutano wa UNESCO uliofanyika Paris, alisoma makala kuhusu namna tarakilishi kubwa inavyoweza kugawa muda wake ili kazi zaidi ya moja zihudumiwe kwa pamoja. Mwaka huo pia aliondoka katika shirika na kuwa mshauri wa kujitegemea. Fedha kutoka mfukoni mwake zilimwezesha kumwajiri kijana aliyeitwa Peter Landin, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wananadharia wakubwa wa lugha za programu.

Mwaka 1962 alirudi Cambridge, mji alioondoka na daraja la wastani, safari hii akiwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kushiriki katika uundaji wa lugha mpya ya programu iliyoitwa CPL, mradi uliounganisha Cambridge na Chuo Kikuu cha London. Wenzake walitania kwamba herufi ya kwanza ya jina hilo ilimaanisha Christopher. Maelezo ya lugha hiyo yalichapishwa mwaka 1963. Ilikuwa lugha kubwa mno kwa mashine za wakati huo, na haikupata kutumika kwa upana uliotarajiwa. Lakini katika kubishana juu ya CPL, Strachey alitambua kwamba wasanifu wa lugha walikuwa wakijenga pasipo kujua maana ya matofali yao. Walijua programu itafanya nini. Hawakujua inamaanisha nini.

Jina, mahali na thamani

Mwezi Agosti 1967 Strachey alitoa mfululizo wa mihadhara huko Copenhagen, Denmark, juu ya dhana za kimsingi katika lugha za programu. Ndani ya mihadhara hiyo ndimo lilimo jibu la fumbo letu, japo yeye hakuwa akijibu fumbo hilo.

Tuchukue mfano wa posta. Mtu ana sanduku la posta. Kuna jina la mwenye sanduku, kuna sanduku lenyewe na nambari yake, na kuna barua iliyomo ndani. Mtu akisema kwamba amepokea barua kutoka kwa fulani, hutaja kilichomo. Akisema kwamba barua yako ameitia kwa fulani, hutaja mahali. Jina ni lilelile, lakini upande mmoja linarejelea yaliyomo na upande mwingine linarejelea sanduku. Hali kadhalika katika programu. Agizo la kuchukua thamani na kuihifadhi lina pande mbili: upande wa kulia huulizwa thamani ni ipi, na upande wa kushoto huulizwa itawekwa wapi. Strachey alizitenganisha kwa makini maana hizi mbili za jina, maana ya kushoto na maana ya kulia, na istilahi hizo zimekuwa mali ya kila mtaalamu wa fani hiyo hadi leo.

Utenganisho huo ulimwezesha kueleza jambo ambalo hapo awali lilichanganya watu. Thamani haibadiliki. Tano ni tano. Haiwezi kugeuzwa ikawa sita. Tunaposema kwamba kitu katika programu kimebadilika kutoka tano kuwa sita, tunamaanisha kwamba mahali palepale palipokuwa na tano sasa pana sita. Kubadilika ni tukio la mahali, si la thamani. Kwa hiyo jina linaweza kufungwa moja kwa moja kwenye thamani, na hapo hakuna kitakachobadilika kamwe. Au linaweza kufungwa kwenye mahali, na hapo yaliyomo yanaweza kugeuka.

Aidha, Strachey aliazima kutoka kwa mwanafalsafa Quine dhana ya uwazi wa kirejelezi. Ikiwa Shaaban Robert ndiye mwandishi wa Kusadikika, basi kusema kwamba Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 ni sawa na kusema kwamba mwandishi wa Kusadikika alifariki mwaka 1962. Kirejelezi kimoja kinaweza kuchukua nafasi ya kingine bila kuharibu ukweli wa sentensi. Lakini tukisema kwamba mwanafunzi fulani anaamini kuwa mwandishi wa Kusadikika alifariki mwaka 1962, hatuwezi tena kubadilishana majina hayo kwa usalama, kwa maana huenda mwanafunzi huyo hajui ni nani aliyekiandika. Programu nayo huwa na uwazi huo pale ambapo hakuna mahali panapogeuzwa kisirisiri. Pakigeuzwa, jina lilelile likitajwa mara mbili linaweza kuwa na maana mbili. Katika mihadhara hiyohiyo alipambanua pia aina mbili za umbo-wingi wa programu, pambanuo ambalo wasanifu wa lugha hawajaacha kulitumia.

Oxford

Mnamo mwaka 1965 Strachey alianzisha Kikundi cha Utafiti wa Programu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kilikuwa kikundi kidogo, na alipenda kibaki kidogo. Mwaka 1969 alikutana mjini Vienna na Dana Scott, mwanamantiki Mmarekani, na Scott akaja Oxford kwa muhula mmoja wa masomo. Strachey alikuwa na namna ya kueleza maana ya programu kwa hisabati, lakini msingi wa hisabati hiyo haukuwa umethibitishwa. Ilikuwa nyumba nzuri iliyojengwa juu ya ardhi isiyopimwa. Kufikia mwezi Novemba mwaka huo Scott alikuwa ameupata msingi. Ushirikiano wao ulizaa semantiki ambayo ndani yake kila kipande cha programu kina maana yake, na maana ya kikubwa hutokana na maana za vidogo vinavyokiunda. Katika semantiki hiyo kuna mazingira, yanayohusisha majina na vinavyotajwa, na kuna ghala, linalohusisha mahali na thamani zilizomo. Mambo hayo mawili hayachanganywi.

Mwaka 1971 Strachey alipewa uprofesa. Hata hivyo, alichapisha machache. Alikuwa mtu wa kurekebisha na kurekebisha tena, asiyependa kuachilia andiko kabla halijamridhisha. Matini ya mihadhara ya Copenhagen haikuchapishwa alipokuwa hai. Ilizunguka kutoka mkono hadi mkono katika nakala za chapa, ikisomwa na kutajwa na watu wengi. Katika miaka yake ya mwisho aliandika pamoja na mwanafunzi wake Robert Milne insha ndefu ya kuwania Tuzo ya Adams. Muda mfupi baadaye aliugua homa ya ini, akafariki tarehe 18 Mei 1975, akiwa na umri wa miaka 58. Milne aliiendeleza insha hiyo hadi ikatoka kama kitabu mwaka 1976. Mwaka 1977 Tony Hoare alichukua uongozi wa kikundi alichokiacha. Mihadhara ya Copenhagen ilichapishwa mwaka 2000, miaka 25 baada ya kifo cha mwenyewe.

Uzao wa lugha

Lugha huzaa lugha. Kutokana na CPL, Martin Richards wa Cambridge alitengeneza lugha ndogo zaidi iitwayo BCPL, iliyotokea mwaka 1967. Kutokana na BCPL, Ken Thompson wa maabara ya Bell huko Marekani aliunda B, na kutokana na B mwenzake Dennis Ritchie aliunda C mapema katika miaka ya 1970. Mwaka 1979 Bjarne Stroustrup, Mdenmark aliyekuwa amekamilisha uzamifu Cambridge na kuitumia BCPL huko, alijiunga na maabara ya Bell. Alichukua C, akaongeza dhana ya matabaka ya vitu kutoka lugha ya Simula ya Wanorwei Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na matokeo yake ni lugha ambayo tangu mwaka 1983 inaitwa C++. Humo ndimo tunamolikuta fumbo letu likiwa wazi kabisa.

Katika C++ kitu kina maisha. Kinapoanza, hutekelezwa maagizo maalumu yaitwayo konstrakta, ambayo hukitayarisha: hujaza thamani, hufungua faili, huazima sehemu ya kumbukumbu. Kinapofikia mwisho, hutekelezwa maagizo mengine yaitwayo destrakta. Tukilitafsiri neno hili kuwa mharibifu tutapotosha. Destrakta haiharibu, hufanya kazi ya wasii. Marehemu ameondoka, wasii analipa madeni, anarudisha vya watu, anafunga hesabu. Destrakta hufunga faili lililofunguliwa na hurejesha kumbukumbu iliyoazimwa, ili sehemu nyingine za programu zipate kuitumia.

Vilevile kitu kinaweza kutangazwa kuwa hakibadiliki. Kikishatangazwa hivyo, ni maagizo yale tu yaliyoahidi kutokibadilisha ndiyo yanayoruhusiwa kukishughulikia. Sasa tuseme kanuni hiyo ingeibana destrakta pia. Wasii angefika akaambiwa kwamba mali ya marehemu haiguswi. Ama kitu kisichobadilika kisingebomolewa kamwe, ama kingebomolewa bila kufunga faili wala kurudisha kumbukumbu. Programu inayofanya kazi mfululizo kwa miezi ingejaa mabaki hadi ikasimama. Vitu vilivyokusudiwa kuleta usalama vingekuwa chanzo cha maangamizi.

Kanuni za C++ zinalitatua jambo hili kwa kuweka mipaka ya wakati. Katazo la kubadilisha haliwi na nguvu wakati konstrakta inafanya kazi, kwa kuwa kitu bado kinaundwa. Linaanza konstrakta inapokamilika. Linadumu muda wote wa uhai wa kitu. Linaondoka pindi destrakta inapoanza. Ndiyo maana konstrakta na destrakta zenyewe haziwezi kutangazwa kuwa za kutobadilisha. Tangazo kama hilo lisingekuwa na maana kwao. Kitu kisichobadilika huundwa kama vingine na hubomolewa kama vingine. Kilicho tofauti ni yale yanayotokea katikati.

Tukirudi kwa Strachey tunaona kwa nini suluhisho hili si ujanja wa mafundi tu. Kutobadilika ni ahadi inayohusu yaliyomo mahali fulani: barua iliyomo sandukuni haitabadilishwa. Kubomolewa ni tukio la mahali penyewe: sanduku linafungwa na nambari yake inarudi posta. Ahadi ya kwanza haisemi lolote juu ya tukio la pili. Anayeona mgongano kati yake amechanganya thamani na mahali, kosa lilelile ambalo Strachey aliwaonya wasikilizaji wake wa Copenhagen. Kwa upande mwingine, jina lililofungwa kwenye thamani tupu halihitaji wasii, kwa sababu tano haikuazima kitu na haina cha kurudisha. Kinachohitaji destrakta ni kile kilichochukua nafasi duniani.

Utenganisho huu una tahadhari yake pia. Kitu kikishabomolewa, huenda sehemu nyingine ya programu bado inalishikilia jina lake. Barua bado inaandikiwa sanduku lililokwisha kufungwa, na pengine sasa limepewa mtu mwingine. Mwandishi wa programu aliyejitumainisha kwamba kitu chake kiko salama kwa kuwa hakibadiliki, atasoma humo takataka. Tangazo la kutobadilika humkinga na mikono ya wengine wakati kitu kingali hai. Halimkingi na mwisho. Makosa ya namna hii yameleta hasara nyingi katika programu, na chanzo chake ni kudhani kwamba kisichobadilika ndicho kisichokufa.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba hakuna lenye mwanzo lisilokuwa na mwisho. Katika maisha ya Strachey tumeona kwamba hata lugha ya mashine, inayosifiwa kwa ukali wa kanuni zake, imelazimika kuliandika jambo hilo katika sheria zake. Tumeona pia kwamba sheria hiyo haieleweki vizuri pasipo mtu kujua tofauti ya jina, mahali na thamani.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, kuna faida mbili katika kumjua mtu huyu. Ya kwanza ni ya kitaaluma. Istilahi za tarakilishi zinaingia katika lugha yetu kila siku, na mara nyingi tunazitafsiri kwa kufuata sura ya neno la kigeni. Neno kama destrakta linatuonyesha hatari ya kufanya hivyo. Atakayeliita mharibifu atamfanya mwanafunzi aogope kitu ambacho kazi yake ni kusafisha. Atakayetazama kwanza maana yake, mahali pake na kazi yake, ataikuta dhana ya wasii ikimngojea katika Kiswahili tangu zamani. Kazi hiyo inahitaji mwanasemantiki kabla ya kumhitaji fundi.

Ya pili inahusu maandishi yetu. Strachey alitaka andiko lake liwe limekamilika kabla ya kulifunga lisibadilike tena. Ni tamaa njema, na kila mwanafunzi wa uzamili anaijua. Lakini ahadi ya kutobadilika huanza pale tu konstrakta inapokwisha kazi. Andiko lisilotolewa halijaanza hata kuwa imara, ilhali mwandishi wake ana siku zake zilizohesabiwa. Mihadhara ya Copenhagen iliokoka kwa sababu wengine walizihifadhi nakala, na insha ya mwisho iliokoka kwa sababu mwanafunzi wake hakuiacha. Walikuwa wasii wake. Yako maandishi ya walimu wetu wenyewe, yaliyomo katika mafaili na makabati ya idara zetu, ambayo hayajapata wasii bado.